Kasha la Zilizokataliwa

Watu hunawa mikono kabla ya kula. Yeye alinawa kabla ya kusikiliza. Alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akavua saa, akasugua kucha kwa sabuni ya kipande, akajikausha kwa taulo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa, na hapo tu ndipo alipofungua kasha. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani anakwenda kumzalisha mtu.

Katika nyumba yetu ya Saint-Gilles, hapa Brussels, ambayo zamani ilikuwa ya tajiri mmoja na sasa imekatwakatwa vyumba, kila mtu alimwita Papa Disques, yaani baba wa santuri. Nami sitamtafutia jina jingine. Ukoo wake sikuuliza, na alikozaliwa alikutaja mara moja tu, wakati wa kubishana kuhusu pilipili. Alikaa chini, mlango wa kwanza kushoto. Mimi nilikaa ghorofa ya pili. Yeye alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la ofisi karibu na Schuman, mimi nilikuwa naogesha na kulisha wazee wa Kibelgiji. Tulikutana kwenye ngazi, wote tumechoka, tukaulizana habari za Lubumbashi kana kwamba mmoja wetu ametoka huko asubuhi.

Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha santuri cha hapa mjini ambacho kilifungwa zamani. Kabla mashine hazijaanza kutoa santuri kwa mamia, zilitolewa kwanza sahani moja au mbili za majaribio, na hizo alipewa mtu mmoja akae nazo chumbani, azisikilize, kisha aseme: pitisha, au kataa. Papa Disques aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja alimwambia msimamizi kwamba santuri inayopigwa chumba cha pili ina mkwaruzo, na msimamizi alipoangalia akaukuta. Ufagio ukaishia hapo.

Kiwanda kilipofungwa, makasha ya sahani za majaribio yalikuwa yanatupwa. Mengine yalikuwa ya zamani kuliko siku zake pale kiwandani: nyimbo za injili zilizorekodiwa kwenye misheni za kwetu Katanga, siku zile santuri zilikuwa nzito na zinavunjika kama kigae. Aliyabeba kwa tramu, kasha kwa kasha, hata kondakta mmoja akamuuliza kama anahama nyumba kidogo kidogo. Lebo za sahani zilikuwa nyeupe tupu, zina namba ya penseli tu. Hakuna jina la kwaya, hakuna jina la mtu. Kuanzia hapo kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ikawa kujua nani anaimba.

Kila santuri aliisikiliza mara tatu.

“Ya kwanza nasimama,” alinieleza. “Ile ni ya makosa makubwa, yenye hata mulevi anasikia. Ya pili naikala, ni ya makosa kidogo kidogo. Ya tatu, bon, ile namupatia machine mugongo. Ile sasa ni ya muntu.”

“Muntu gani, Papa?”

“Mwenye anaimba, ma fille, mutoto yangu. Kama unaangalia machine, utasikia machine.”

Baada ya hapo aliandika kadi: namba, lugha, waimbaji wangapi, kosa liko wapi. Mstari wa mwisho wa kila kadi ulikuwa na neno moja, Amesikia, na mbele yake aliweka sahihi yake. Kama hakusikia mara tatu, hakutia sahihi, hata kadi ikae mwaka mzima. Siku moja alikuja bwana mmoja wa Kibelgiji, mtu wa vitabu, ana koti zuri na adabu nyingi. Alitaka Papa Disques aandike kwamba kwaya fulani ya wanaume ilitoka misheni fulani. Ilielekea kuwa hivyo, yule bwana alisema, c'est probable. Papa Disques alimpa kahawa, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi bila kutia hata nukta.

“Probable ni maneno ya météo,” aliniambia. “Miye sitiyake sahihi ku mvua ya kesho.”

Kusifu hakujua. Neno lake la juu kabisa lilikuwa “haiko mubaya,” na hilo nililisikia labda mara nne. Kwaya ya kanisani kwetu ilipotoa CD, kiongozi wake alimletea nakala kwa furaha, imefungwa kwa utepe. Wiki iliyofuata akarudishiwa pamoja na karatasi yenye makosa ishirini na matatu, kila moja na dakika yake na sekunde yake. Yule kiongozi hakumsalimia karibu mwaka mzima. Walipokuwa wanajiandaa kurekodi ya pili, alikuja mwenyewe, ameshika kofia mkononi, akasema alipoteza ile karatasi, akaomba kama anaweza kuandikiwa nyingine. Papa Disques alikuwa na nakala.

Lakini Mungu alipompa masikio alisahau kumpa koo. Kanisani aliimba kwa moyo wote na nje ya sauti yote, hata watoto wa mstari wa mbele waligeuka kumtazama. Mwenyewe alijua. Aliniambia kwamba yeye akiwa sahani ya majaribio angejikataa kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Aliimba hivyo hivyo. Na mtu huyu aliyehesabu sekunde za wenzake hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Harusi alifika watu wanakula, misiba alifika watu wanakunja viti. Nilimpenda kwa hayo yote, niseme wazi.

Ila si mapenzi ya muziki yaliyonipeleka kwake kila Jumapili baada ya ibada kwa miaka kumi na moja. Nilikwenda kwa ajili ya mama yangu.

Mama yuko Lubumbashi. Alipokuwa msichana misheni, yeye na wenzake sita waliingizwa katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani, mzungu mmoja akainua mkono, wakaimba wimbo wa kuomba. Wakaambiwa sauti zao zinakwenda Ubelgiji na zitarudi kama santuri. Hazikurudi. Hivyo ndivyo alivyotusimulia. Wajomba zangu walimtania maisha yake yote. Redio ikifunguliwa, mmoja lazima aseme, “Munyamaze, pengine ni yeye!” Mama alicheka kwa mdomo tu. Nilipokuja Brussels na kugundua kwamba mzee wa chini ana makasha ya miaka ile ile, nilikwenda kumgongea mlango. Nilitaka kitu kimoja: mama asikie sauti yake kabla hatujamzika.

Tulianza na kasha lililoandikwa kwa chaki BON, la zile zilizopitishwa. Zilipitishwa, lakini nyingine hazikutolewa kamwe. Kwaya za wasichana zilikuwa kumi na kitu. Katika ya pili niliruka kwenye kiti.

“Ni huyu! Papa, ni mama!”

Alikubali kwa kichwa, bila kuandika. Jumapili iliyofuata nikaruka tena kwa santuri nyingine. Akainua sindano taratibu.

“Ma fille, juma yenye ilipita mama yako alikuwa anaimba chini. Leo anaimba juu. Uko na bamama ngapi?”

Nilicheka, lakini niliumia. Mara ya tatu ilipotokea nilimsihi. Nilimwambia mama anazeeka, kwamba yeye aandike tu kadi, atie sahihi, mimi nitaipiga picha niitume, na mama atafurahi.

“Atafurahi na sauti ya muke mwingine,” alisema. “Siwezi kukupatia mama ya kukisia.”

Nikapanda ngazi nikafunga mlango kwa nguvu, nyumba nzima ikasikia. Kwa wiki tatu nilipita mlangoni kwake nikitazama mbele kama askari wa gwaride. Wiki ya nne nilitoka kazini nikakuta bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, mbele ya mlango wangu, limefunikwa sahani, halina karatasi wala neno. Nililila lote nikiwa nimesimama, nikaliosha bakuli, nikateremka kulirudisha. Alilipokea na kuuliza kama chumvi ilitosha. Ugomvi uliishia hapo.

Siku ile ile aliniuliza swali ambalo ningelijibu vizuri ningeokoa miaka mingi.

“Sauti ya muzuri iko mingi, ma fille. Weye kila siku unaniambia mama yako alikuwa anaimba muzuri. Uniambie kosa yake. Alikuwa anakosea namna gani?”

“Mama yangu hakuwa anakosea.”

“Kila muntu anakosea. Njo vile tunamujua.” Kisha akaonyesha kitanda kwa kidevu. “Na ile kasha ya pale nsi? Tuifungule?”

Uvunguni mwa kitanda chake, mahali wengine tunapoweka masanduku ya safari, palikuwa na kasha lililoandikwa REFUSÉ. Hizo ndizo zilizokataliwa kwa kosa la waimbaji wenyewe. Nilimwambia asijisumbue. Nilimweleza kwamba santuri ya mama ilipotea njiani, wazungu waliipoteza, kila mtu kwetu anajua.

“Disque haipoteake mu njia,” alisema kwa upole. “Banaikatala.”

Neno lile lilinichoma. Niliona anamweka mama yangu kwenye kasha la takataka. Nikamwambia mama hakukataliwa na mtu yeyote, na tusizungumze tena habari ya kasha lile. Hakubishana. Tangu siku hiyo hakulitaja mbele yangu, wala hakulivuta nikiwa chumbani, na kila mwaka niliendelea kurudia zile zile za kasha la BON kama mtu anayetafuta ufunguo mahali penye taa badala ya mahali alipouangusha.

Ajabu ni kwamba lile lililokataliwa ndilo alilolipenda kuliko yote. Nilijua hivyo kwa sababu wakati mwingine, nikiteremka asubuhi ya siku yake ya mapumziko, nilisikia kupitia mlangoni jogoo akiwika katikati ya wimbo, au mtu akikohoa, au mvua ikianza kupiga bati na wanaume wakiongeza sauti waishinde. Nilimuuliza kwa nini mtu aliyelipwa kukataa makosa anayalaza chini ya kitanda chake.

“Mu ile ingine banaimbia muzungu mwenye ananyanyua mukono,” alisema. “Mu hii banajisahau.”

Masikio yake yalianza kuondoka kabla hajasema. Mimi kazi yangu ni wazee, niliona: birika likichemka haendi, mlango ukigongwa hageuki. Walimpa vifaa vya kuvaa masikioni. Alisema vinafanya dunia nzima iwe ya bati, akavivaa kazini tu mpaka alipostaafu. Jumapili moja aliisikiliza santuri mara tatu, alisimama, akaketi, akageuza mgongo, akaandika kadi mpaka mstari wa mwisho. Kisha akalaza kalamu.

“Nasikia vile nakumbuka,” alisema. “Hapana vile iko.”

Hakutia sahihi kadi ile, wala nyingine yoyote baada yake. Nilimwambia aitie angalau ile, maana alikuwa ameisikia mara mia tangu zamani. Alikataa. Aliendelea kuzifuta vumbi, kuzipanga, kunawa mikono kabla ya kuzigusa, lakini kalamu ilikaa ndani ya kikombe. Juu ya meza aliweka daftari dogo ili wageni wamwandikie wanachotaka kusema. Kwa mtu aliyeishi kwa masikio sijaona aliyepokea msiba kwa heshima kama ile.

Nami nilihama, nikapata chumba karibu na Gare du Nord, na Jumapili zikawa za mwezi kwa mwezi, kisha za sikukuu. Kutafuta nilikuwa nimechoka. Ndipo mama akaanguka. Hakufa, lakini alilala kitandani, na mdogo wangu akawa anamshikia simu nizungumze naye. Jumapili moja, bila kuulizwa, akasema:

“Ile disque, mutoto yangu. Haikupotea. Ni miye niliiharibisha.”

Akanisimulia. Mzungu aliwaagiza wakimaliza kuimba wanyamaze mpaka taa nyekundu izimike. Waliimba vizuri, hakuna aliyekosea. Wimbo ulikuwa wa kuomba, na ulipoisha mama aliinamisha kichwa akasema Amina, kama alivyofanya baada ya kila ombi tangu ajue kusema. Taa ilikuwa bado inawaka. Wenzake sita waligeuka wakamtazama. Mzungu hakuwa na sahani nyingine ya kurekodia, na kesho yake alikuwa anaondoka. Mwalimu wa kwaya alimwambia amepoteza sauti za wenzake sita. Sasa nilielewa kwa nini mama, aliyeimba vizuri akiosha vyombo, alikaa kanisani akichezesha midomo tu.

“Miaka yote ile, mama! Ulikuwa unaogopa nini?”

“Aliniambia nilikosea mbele ya Mungu na mbele ya machine,” alisema. “Mungu nilimuomba samahani. Machine nitaiomba namna gani?”

Nilipanda tramu kama nilivyokuwa, na kandambili. Papa Disques aliniona dirishani, akanifungulia, akanitazama miguu, akanisogezea daftari. Niliandika: Mama alisema Amina mwisho wa wimbo. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akaenda kunawa mikono. Alikunja mikono ya shati, akavua saa, akasugua kila kucha, na mimi nimesimama pale natamani kupiga kelele, ingawa asingesikia.

Alipopiga magoti kando ya kitanda nilipiga magoti naye tukalivuta kasha pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimekataa kuinama miaka yote ile. Hakupekua. Alihesabu kwa kidole kutoka nyuma, akatoa ya nne. Kadi yake ilikuwa ya zamani, wino umekuwa wa kahawia: Wasichana saba. Hakuna kosa mpaka mwisho. Mwisho, mmoja anasema Amina. Refusé. Amesikia, na sahihi yake.

Niliandika: Ulijua?

“Nilijua kuko Amina,” alisema. “Sikujua ya nani. Na weye ulikatala tusiifungule.”

Aliileta taa, akanipa lenzi. Karibu na lebo, mistari ya santuri iliyokuwa inayumbayumba ilitulia, ikawa laini, kisha ikatetemeka mara moja, kipande kidogo kuliko ukucha.

“Ona. Hapa beko bananyamaza. Na hii,” alisema, kidole chake kikiwa juu bila kugusa, “njo mama yako.”

Nilitaka kupiga simu saa ile ile. Alinizuia. Kwanza nisikie, alisema, mara tatu. Nikasikia nimesimama, nikasikia nimeketi, na mara ya tatu akanishika mabega akanigeuza nitazame ukuta. Sauti saba za wasichana zilimaliza kuomba. Pakawa kimya. Kisha Amina. Niliijua. Ilifunga kila sala ya chakula nyumbani kwetu. A ya mwisho aliishusha taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji. Nililia nikiutazama ule ukuta, na yeye nyuma yangu ameweka kiganja kwenye ubao wa mashine, anangojea mtetemo uishe ajue wakati wa kuinua sindano.

Tulipiga Lubumbashi. Mdogo wangu aliiweka simu kwenye mto. Nikaishika yangu karibu na mashine, wimbo ukaenda wote, na Amina yake mwisho.

“Njo miye,” mama alisema. Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: “Na ule papa mwenye anachunguzaka? Anasikia? Anasema nini?”

Sikuwahi kumwambia mama kwamba masikio ya Papa Disques yamekwisha. Mzee aliniona usoni, akasogeza daftari. Niliandika: Anauliza kama umemsikia, na unasema nini.

Alisoma. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaibandika kwenye sikio ambalo kwa miaka lilikuwa halijasikia hata kengele ya mlango.

“Nimesikia, maman,” alisema. “Nimesikia yote. Iko muzuri.”

Sijui mama alimjibu nini, maana simu ilikuwa kwake, naye alikaa ameishika, anatikisa kichwa polepole, anakubali maneno asiyoyapata. Baadaye akanirudishia. Nilikuta mama anacheka, na si kwa mdomo tu.

Kisha Papa Disques akaketi mezani, akatoa kalamu kwenye kikombe, akachukua kadi mpya. Aliandika namba. Aliandika wasichana saba. Aliniuliza jina la mama, akaliandika lote, herufi kubwa kubwa, mbele ya maneno Mwenye kusema Amina. Mahali pa kosa hakuandika kitu. Alipofika mstari wa mwisho, Amesikia, aliigeuza kadi ikanielekea, akanisogezea kalamu.

“Tiya yako,” alisema. “Miye sikusikia.”

Nikatia sahihi.